Nilisoma amri ya zuio kwenye simu lakini sikukabidhiwa nakala: je, nimeidharau mahakama?

Mrithi wa Pili:

Waheshimiwa, naomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki nzima, nami nitajitahidi kulieleza bila kujipendelea.

Mimi na dada yangu mkubwa tuna mgogoro wa kiwanja tulichoachiwa na marehemu baba yetu, na kesi ya msingi bado haijasikilizwa. Nilikwisha kuanza kujenga ghala kwenye upande ambao naamini ni wangu pale dada alipokwenda mahakamani na kupata zuio la muda, lililotolewa na jaji baada ya kusikiliza upande wake peke yake. Jioni ya siku hiyo hiyo alinitumia picha ya amri kwenye simu. Niliifungua, nikaisoma yote, nikaona muhuri wa mahakama na jina langu, pamoja na maneno kwamba mimi, “watumishi na mawakala wangu”, tunazuiwa kuendelea na ujenzi, na kwamba hali ya kiwanja ibaki kama ilivyo mpaka pande zote mbili zitakaposikilizwa. Sikumjibu.

Kwa siku tatu zilizofuata mafundi waliendelea kumwaga zege la msingi. Mimi sikuwapo kiwanjani, kwa kuwa msimamizi ni binamu yangu; kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba sikuwaambia wasimame. Nilijiambia kwamba hakuna mtu aliyenikabidhi amri mkononi na kunitaka nitie saini, na kwamba dada alimficha jaji hati ya makubaliano ya mgawanyo ambayo sote wawili tuliitia saini, kwa hiyo amri yenyewe haikustahili kutolewa. Siku ya nne alikuja tarishi na nakala rasmi iliyobeba onyo kwamba nikikaidi ninaweza kufungwa, na jana wakili wa dada ameniandikia kwamba ataomba niadhibiwe kwa kuidharau mahakama.

Je, siku zile tatu zinahesabiwa? Nikithibitisha kwamba amri ilipatikana kwa kuficha ukweli, kosa linafutika? Na kwa sasa nifanye nini?

Wakili Mstaafu:

Ndugu yangu, nimefurahi kwamba umekiri kuwa uliifungua picha ukaisoma yote, kwa sababu wengi wanaoleta swali la namna hii huanza kwa kusema walisikia kwa mbali, na ushauri uliojengwa juu ya nusu ya ukweli huporomoka mteja anapoulizwa swali la kwanza na wakili wa upande wa pili. Kwa kuwa hukutaja nchi yako, nitazungumzia kanuni zilizozoeleka katika nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Uingereza, nawe utazipima na wakili wako wa huko kwa kuangalia sheria iliyoandikwa.

Siku zile tatu zinahesabiwa, au kwa uchache dada yako ana hoja nzito ya kuzihesabu. Kukabidhiwa nakala mkononi ni njia ya kuthibitisha kwamba mtu anaijua amri, lakini kinachomfunga mtu ni ule ujuzi wenyewe. Ni kweli kwamba kanuni za mahakama zimekuwa kali kuhusu kukabidhi, kwa kuwa mwisho wa shauri la namna hii mtu anaweza kupoteza uhuru wake; hata hivyo, kwa amri zinazokataza tendo, tofauti na zile zinazoamuru tendo lifanywe ndani ya muda fulani, majaji walikubali tangu zamani kwamba aliyejua hawezi kujificha nyuma ya karatasi ambayo haijamfikia. Mwaka 1879 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika shauri linalojulikana kwa jina la Langley, ililiamua shauri la watu walioendelea na mnada baada ya kupokea telegramu iliyowaarifu kwamba mahakama imeuzuia. Majaji walisema kwamba telegramu inaweza kutosha kabisa, na kwamba la kuuliza katika kila shauri ni kama mazingira yanaonyesha kuwa mtu huyo aliarifiwa kweli. Watu wale walinusurika kwa sababu moja tu: ilionekana kwamba hawakuiamini ile taarifa, na walikuwa na sababu ya kweli ya kuitilia shaka. Badala ya telegramu weka picha ya simu, kisha ujiulize kama wewe, uliyeona muhuri na jina lako na ukanyamaza kimya, unaweza kula kiapo kwamba hukuamini.

Nchini Kenya, Mahakama ya Rufani ililisema jambo hilo waziwazi mwaka 2015 katika shauri la Shimmers Plaza dhidi ya National Bank of Kenya, kwamba kuijua amri kunashinda sharti la kukabidhiwa mkononi, na ikaongeza kwamba ujuzi wa wakili wa mtu anayelalamikiwa unaweza kutosha. Mantiki yake ni nyepesi: kama sivyo, kila aliyezuiwa angekimbia tarishi kwa siku chache, akamaliza alichokatazwa, kisha akarudi kupokea nakala yake kwa adabu.

Kuhusu kutokuwapo kwako kiwanjani, usiegemee hapo hata kidogo. Amri imekutaja wewe pamoja na watumishi na mawakala wako, na mafundi wanaolipwa nawe wanafanya kazi kwa niaba yako hadi utakapowaambia waache. Aliyezuiwa ana wajibu wa kuchukua hatua za kutosha ili walio chini yake wasilifanye lile aliloambiwa asilifanye, na kimya cha mtu mwenye uwezo wa kusimamisha kazi kwa neno moja husomwa mahakamani kama ruhusa. Mpe binamu yako tahadhari hiyo hiyo. Hata asiyetajwa katika amri anaweza kuadhibiwa ikiwa anaijua na bado anamsaidia aliyetajwa kuivunja. Katika shauri la Seaward dhidi ya Paterson la mwaka 1897, mpangaji wa jengo moja la London alikuwa amezuiwa kuendesha mapambano ya ngumi humo, na mtu mwingine ambaye hakuwa sehemu ya kesi aliadhibiwa kwa kumsaidia kuyaendesha huku akijua kuhusu zuio.

Nimefika sasa kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo linalowaponza watu waadilifu kuliko wahuni. Mhuni huvunja amri akijua kwamba anavunja. Mtu mwadilifu huivunja kwa sababu amekwisha kujihukumia mwenyewe kwamba amri haikuwa ya haki. Sheria haimruhusu yeyote kati yao. Katika shauri la Hadkinson dhidi ya Hadkinson la mwaka 1952, mama mmoja alimwondoa mtoto nchini Uingereza na kumpeleka Australia kinyume cha amri, kisha akataka rufaa yake isikilizwe. Mahakama ya Rufani ilikataa kumsikiliza mpaka mtoto arudishwe. Majaji walieleza kwamba kila mtu aliyepewa amri na mahakama yenye mamlaka ana wajibu wa kuitii mpaka itakapotenguliwa, hata kama anaamini kwamba ina kasoro au ni batili. Baraza la Mfalme (Privy Council), mahakama ya London inayosikiliza rufaa kutoka baadhi ya nchi zilizotawaliwa na Uingereza, lilirudia msimamo huo mwaka 1984 katika shauri la Isaacs dhidi ya Robertson, ambapo amri yenyewe ilikuwa na kasoro ya wazi na ilistahili kutenguliwa, lakini aliyeivunja kabla ya kutenguliwa alibaki na hatia.

Samahani, hapo nimeteleza: mwaka 1984 lilikuwa Baraza la Malkia. Kwa vyovyote, maana yake kwako ni kwamba ile hati ya makubaliano ni silaha ya kweli, lakini umeiweka mahali pasipo pake. Mtu anayeomba zuio bila upande wa pili kuwapo ana wajibu wa kumweleza jaji kila jambo la msingi, hata lile linalomuumiza yeye mwenyewe, na akilificha, zuio linaweza kutenguliwa kwa sababu hiyo peke yake. Mara nyingi huwa ametoa pia ahadi ya kukufidia hasara ikiwa itaonekana baadaye kwamba hukustahili kuzuiwa. Kwa hiyo gharama ya mafundi waliokaa bure ungeweza kuidai kwa mlango wa mbele, na ombi la kutengua amri lingeweza kupelekwa kwa hati ya dharura siku ile ile uliyopokea picha. Simamisha kazi leo kwa maandishi, kisha wakili wako apeleke ombi hilo kesho.

Mpeleka Samansi:

Mimi si wakili, lakini nimepeleka hati za mahakama kwa miaka mingi, na naomba niongeze yale yanayoonekana kutoka upande wa mlangoni.

Watu wanadhani kwamba wakikataa kushika karatasi hawajakabidhiwa. Ukikataa, ninaiweka mbele yako, nakueleza ni hati gani, kisha naandika katika kiapo changu cha kukabidhi saa, mahali, maneno uliyoyasema na nguo uliyovaa, na kiapo hicho ndicho kitakachosomwa na jaji. Bwana mmoja aliwahi kunifungia geti, nikamsomea amri kwa sauti kupitia nondo, naye kwa hasira akanijibu kwamba aya ya pili ni ya uongo mtupu. Miezi miwili baadaye alikula kiapo kwamba hajawahi kujua amri ile inasema nini. Jaji alimwuliza swali moja tu, kwamba uongo wa aya ya pili aliujuaje, na bwana yule akaomba maji ya kunywa.

Kwa upande wako, ndugu mwuliza swali, ujumbe wa dada una saa ya kutumwa na alama ya kuonyesha kwamba umesomwa. Usiufute, kwa sababu nakala yake anayo, na kufuta kutakugeuza kutoka mtu aliyekosea hadi mtu aliyeficha ushahidi. Lile onyo la adhabu lililomo katika nakala uliyoletewa ni la maana pia: mahakama nyingi husita kumpeleka mtu gerezani ikiwa nakala aliyokabidhiwa haikumwonya wazi kwamba kukaidi kunaweza kumfunga, ingawa kusita huko hakumaanishi kwamba hatia imeondoka. Angalia kama ile picha ya kwanza ilikuwa na onyo hilo, halafu mwambie wakili wako.

Jambo la mwisho, na unisamehe kwa kulisema hadharani: acha kusimulia zaidi humu. Uliyokwisha kuyaandika yanatosha kuwa kielelezo katika hati ya kiapo ya upande wa pili.

Msomaji Mkaidi:

Kwa heshima zote kwa Wakili Mstaafu, naona jibu lake linawafundisha watu utumwa. Amri iliyopatikana kwa udanganyifu si amri, na batili haizai wajibu wowote. Kama kila karatasi yenye muhuri inatakiwa kutiiwa kwanza na kuhojiwa baadaye, basi mwenye fedha za kukimbilia mahakamani mapema atakuwa na uwezo wa kusimamisha maisha ya mwenzake kwa miezi, na itakapogundulika kwamba alidanganya, hasara itakuwa imekwisha kutokea. Martin Luther King alikaidi zuio la mahakama kule Birmingham, Alabama, mwaka 1963, na leo hakuna mtu anayemkumbuka kama mkaidi wa sheria.

Wakili Mstaafu:

Ndugu Mkaidi, mfano wako ni mzuri, ila umeusimulia nusu. Zuio lile lilitolewa bila waandamanaji kusikilizwa, wakaandamana Ijumaa Kuu na tena Jumapili ya Pasaka, na walihukumiwa kifungo cha siku tano na faini ya dola 50 kila mmoja kwa kuidharau mahakama. Shauri la Walker dhidi ya Jiji la Birmingham lilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1967, majaji watano dhidi ya wanne waliziacha adhabu zile zisimame, kwa sababu waandamanaji hawakuomba zuio litenguliwe kabla ya kulivunja. Miaka miwili baadaye, katika shauri la Shuttlesworth, mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba sheria ndogo ya jiji ambayo zuio lilijengwa juu yake ilikuwa kinyume cha katiba jinsi ilivyotumika dhidi ya maandamano yale. Kwa hiyo walikuwa sahihi kuhusu haki yao na bado walitumikia adhabu, King mwenyewe akiwa mmojawapo. Yeye aliijua gharama na akaikubali wazi mbele ya dunia nzima. Mwuliza swali wetu hakuandamana. Alinyamaza akitumaini kwamba zege litakauka kabla tarishi hajafika, na sidhani kama yeye mwenyewe angependa tumweke kwenye mizani moja na King.

Nakubali kwamba hoja yako ina chembe ya kweli. Hata katika Walker majaji waliacha nafasi kwa amri iliyo batili waziwazi, au kwa mtu aliyejaribu kuipinga mahakamani akakutana na ucheleweshaji wa makusudi. Vilevile, chombo chenye mamlaka finyu kinapotoa amri nje kabisa ya mamlaka yake, suala la ubatili hupewa uzito tofauti. Lakini amri ya jaji mwenye mamlaka kamili juu ya migogoro ya ardhi, iliyotolewa kwa taarifa pungufu, haimo katika kundi hilo. Kuhusu mwenye nguvu na mnyonge, historia haiko upande wako kabisa. Mwaka 1991 mwalimu mmoja kutoka Zaire aliyeomba hifadhi aliondolewa Uingereza ingawa jaji alikuwa ametaka asiondolewe kwanza, jaji akaagiza arudishwe, na waziri wa mambo ya ndani, Kenneth Baker, akaamua kwamba asirudishwe kwa kuwa alishauriwa kuwa jaji hakuwa na mamlaka ya kuitoa amri ile dhidi ya Serikali. Jumba la Mabwana, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliamua mwaka 1993 kwamba mamlaka yalikuwepo, na kwamba waziri kwa cheo chake alikuwa ameidharau mahakama. Hoja ya “mimi naona amri hii ni batili” ndiyo hoja ambayo mwenye nguvu angeitumia kwanza kuliko wote, endapo ingekubalika.

Niliyeshindwa Ombi:

Mimi nimekuwa upande wa dada katika jambo kama hili, nikashindwa, na labda uzoefu wangu utamsaidia mwuliza swali asikate tamaa mapema, na utamsaidia pia yeyote anayedhani kwamba ombi la dharau ni rahisi kama kupiga picha ya zege.

Niliomba mwenzangu katika biashara azuiwe “kuingilia shughuli” za kampuni yetu. Nilipewa, nikafurahi, na wiki iliyofuata alipowaandikia wateja wetu barua nikadhani nimemnasa. Jaji aliniuliza kama kuandika barua ni kuingilia shughuli, nami nikajibu kwamba ni dhahiri. Akaniambia kwamba linalokuwa dhahiri kwangu halitoshi; mtu hawezi kuadhibiwa kwa kuvunja amri ambayo msomaji wa kawaida angeweza kuielewa kwa namna mbili, na pale penye utata, faida ya utata huo inakwenda kwa anayetuhumiwa. Tangu siku hiyo najua kwamba maneno ya zuio yanapaswa kuandikwa na mtu anayewaza siku litakapovunjwa.

Kikwazo cha pili kilikuwa uzito wa ushahidi. Sikujua kwamba ingawa kesi yetu ilikuwa ya madai, ombi la dharau linadai uthibitisho mzito zaidi, kwa sababu ya ule uwezekano wa kifungo. Uingereza wanadai uthibitisho usioacha shaka ya msingi, kama katika jinai. Kenya, tangu shauri la Mutitika dhidi ya Baharini Farm la mwaka 1985, kiwango ni cha juu kuliko kile cha kesi za madai, karibu kufikia cha jinai lakini si kile chenyewe. Afrika Kusini, katika shauri la Fakie la mwaka 2006, mahakama ilisema kwamba mwombaji akionyesha kuwa amri ilikuwepo, kwamba mwenzake aliarifiwa, na kwamba hakutii, basi ni juu ya huyo mwenzake kutoa maelezo yanayoibua shaka kama alifanya hivyo kwa makusudi na kwa nia mbaya. Huko, mtu aliyeamini kwa dhati, hata kama kwa makosa, kwamba anaruhusiwa kutenda alivyotenda anaweza kuponea hapo. Uingereza hawaendi mbali hivyo: inatosha kwamba ulikusudia kufanya lile tendo huku ukiijua amri, na nia yako njema inangoja kwenye hatua ya adhabu.

Kwa hiyo, Mrithi wa Pili, kwa haki kabisa, maneno ya zuio lako yako wazi kuliko yangu. “Kuendelea na ujenzi” hakuna tafsiri ya pili ambamo kumwaga zege si ujenzi.

Mrithi wa Pili:

Nawashukuru nyote, hata walionisema. Kazi imesimama tangu jana saa tano asubuhi. Nimempelekea binamu yangu ujumbe wa maandishi pamoja na nakala ya amri, naye amethibitisha kwamba mafundi wameondoka na mashine ya kuchanganyia zege imezimwa. Wakili wangu anaandaa ombi la kutengua zuio, akiambatanisha ile hati ya makubaliano.

Nimebaki na mambo mawili, na nitayaandika kwa ufupi kwa kuzingatia onyo la Mpeleka Samansi. Kwanza, adhabu hupimwa vipi kwa mtu aliyevunja amri kisha akaacha? Pili, ninafikiria kuubomoa ule msingi uliomwagwa katika siku zile tatu kabla ya tarehe ya kusikilizwa, ili jaji aone kwa macho yake kwamba nimejuta na kwamba kiwanja kimerudi kilivyokuwa. Mafundi wako tayari kesho asubuhi.

Wakili Mstaafu:

La kwanza linategemea mahakama inataka kupata nini kutoka kwako. Kuna adhabu ya kumshurutisha mtu ambaye bado anakaidi, na kuna adhabu ya kumlipisha mtu kwa ukaidi uliokwisha kupita. Mahakama ya Juu ya Marekani iliifafanua tofauti hiyo mwaka 1911 katika shauri la Gompers, kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na ilibidi itengue vifungo walivyopewa yeye na wenzake kwa sababu mahakama ya chini ilikuwa imetoa adhabu ya aina ya pili katika shauri la aina ya kwanza. Majaji wa huko hupenda kusema kwamba mfungwa wa kushurutishwa anatembea na ufunguo wa gereza mfukoni, kwa kuwa siku atakayotii ndiyo siku atakayotoka. Na asipotii, ufunguo huo unaweza kukaa mfukoni muda mrefu sana, kama ilivyompata mwanamume mmoja wa Pennsylvania aliyekaa ndani takriban miaka 14, hadi mwaka 2009, kwa kutotekeleza amri ya kuweka fedha chini ya usimamizi wa mahakama katika shauri lake la talaka.

Wewe umekwisha kuacha, kwa hiyo wa kukushurutisha hayupo. Kinachobaki ni siku tatu zilizopita. Sheria huweka mipaka: Uingereza, Sheria ya Kudharau Mahakama ya mwaka 1981 haimruhusu hata jaji wa mahakama ya juu kuvuka miaka miwili ya kifungo; nchini Kenya, kanuni ya 3 ya Amri ya 40 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai inataja kukamatwa kwa mali na kifungo kisichozidi miezi sita. Mtu aliyevunja kwa siku chache, akaacha mara tu alipokabidhiwa, akakiri bila kuzungushazungusha na akaomba radhi kabla hajaulizwa, mara nyingi huishia kwenye faini, gharama za upande wa pili, au onyo. Radhi hiyo iwe katika hati ya kiapo, iseme wazi kwamba uliisoma amri siku ile ya picha, na isichanganywe na malalamiko dhidi ya dada yako. Hayo yana ombi lake. Nimeona viapo vya kuomba radhi ambavyo aya tatu ni za majuto na aya ishirini ni za kumlaumu jaji. Hata hivyo, kabla hujala kiapo chochote, kaa na wakili wako mwamue kwa pamoja, kwa kuwa katika nchi nyingi anayetuhumiwa kwa dharau ana haki ya kunyamaza, na haki hiyo ukishaiacha hairudi.

Kuhusu kubomoa: usithubutu. Waambie hao mafundi wasije kesho. Soma tena amri yako uone kwamba haikukuzuia kujenga tu. Imesema hali ya kiwanja ibaki kama ilivyo, na msingi huo, hata kama ulimwagwa kwa makosa, sasa ni sehemu ya hali hiyo na pia ni ushahidi wa kile kilichofanyika na kwa kiasi gani. Ukiubomoa kwa hiari yako, dada yako atakuja na picha mpya na kusema kwamba umevunja amri mara ya pili, safari hii ukiwa na nakala rasmi na onyo la adhabu mkononi, na hutakuwa na telegramu ya kujitetea nayo. Mwambie wakili wako aongeze aya moja katika ombi, ya kuomba kibali cha kuuondoa msingi huo kwa gharama zako mwenyewe ikiwa jaji ataona inafaa, na mpaka kibali kitolewe, zege likae pale pale lilipo.